Kivuli Namba Kumi na Saba

Kituoni kote inspekta huyu aliitwa Tena, na jina lilimkaa kuliko lile la kwenye kitambulisho. Alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa, kisha kufunga daftari kama aliyeridhika. Halafu hulifungua na kusema, "Tena." Msema kweli hukasirika akiambiwa hivyo. Mwongo hutabasamu kwanza, kisha anaanza kujikwaa, na Tena alikuwa amewaona wengi wakijikwaa.

Alhamisi ile, saa tatu asubuhi, alitumwa kutafuta kufuli.

"Kufuli," alisema mkuu wa kituo, akijifanya anatafuta kalamu mezani.

"Tena."

"Usinifanyie mimi hivyo, mama. Limeibwa kufuli kwenye maonyesho ya wanafunzi, yale ya vita. Limeliwa na kutu, halina ufunguo, halifungi wala halifungui. Mwenyekiti wa bodi ya shule amenipigia simu mara tatu tangu nifike. Leo saa kumi jioni wanakaa kumfukuza binti mmoja. Nenda kamalize, urudi tufanye kazi za watu wazima."

Tena akachukua mkoba wake akatoka. Miaka ishirini na miwili ya kazi, leo kufuli! Alinung'unika njia nzima, na hatumlaumu, kwa sababu alikuwa hajakiona kile chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa jengo la madarasa, mahali palipokuwa stoo ya madawati mabovu. Mwalimu wa historia alimpokea mlangoni. Alikuwa mrefu, mkavu, na wanafunzi walimwita Ticha Tarehe kwa sababu hata ukimsalimia alikuwa na mwaka wa kukurudishia. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Hata hivyo Tena alijikuta amegonga kabla ya kuingia.

"Kila mtu anagonga," alisema mwalimu. "Hata mimi."

Ukuta wa kushoto ulikuwa umepigiliwa misumari arobaini na mmoja, na kila msumari ulining'iniza kadi yenye jina la mtu. Ila kadi tatu hazikuwa na jina. Ziliandikwa "mtoto" tu, kwa mwandiko mzuri wa kike. Ukipita karibu zilitikisika, kisha zikachukua muda mrefu kuliko ulivyotarajia kutulia. Mkabala wake ulisimama ukuta mfupi uliojengwa upya kwa matofali meusi yaliyoungua, na katikati yake mwanya wa mlango usiokwenda popote. Chumba kizima kilinuka moshi.

"Ni matofali ya ghala lenyewe," alisema mwalimu. "Yalikuwa hayanuki. Fundi alipoanza kuyalowesha wiki iliyopita ili yashike udongo, ndipo harufu ikatoka. Wasichana wawili walikimbia. Nikawafuata, nikijifanya nakwenda kuwarudisha."

Kisa cha ghala Tena alikijua kama alivyokijua kila mtu wa mtaa ule. Wakati wa vita watu arobaini na mmoja walijificha kwenye ghala la nafaka; askari wakaja, ghala likaungua, hakutoka hata mmoja. Miaka yote ilisemwa kwamba boriti ilianguka ikaziba mlango. Kisha, miezi mitatu iliyopita, Fundi Mwashi, mjenzi mzee wa mtaani, aliwaletea wanafunzi kufuli akisema aliliokota kwenye kifusi ujanani mwake, siku ya kusafisha kiwanja. Lilikuwa limefungwa. Ndani ya chuma chake cha juu kilikuwa kimenasa kipande cha komeo la mlango.

"Kwa hiyo hakukuwa na boriti," alisema Tena.

"Hakukuwa na boriti. Mtu alifunga kwa nje. Na watu wanamtafuta, afande. Huenda amekufa zamani, lakini sokoni, msibani, popote, wanamtafuta."

Katikati ya chumba kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe. Nusu yake ilikuwa na vitu: taa ya chemli, kiatu kimoja, sufuria iliyobonyea. Nusu nyingine ilikuwa na karatasi za kaki zilizokatwa kwa maumbo ya vitu ambavyo bado havikuwepo. Palikuwa na umbo la miwani, umbo la kikombe, umbo la kitu kilichofanana na kandambili ya mtoto. Tena hakupenda kuzitazama kwa muda mrefu.

"Tunaviita vivuli," mwalimu alieleza. "Kifaa kikiletwa, wanafunzi wanakilaza kwenye karatasi, wanakizungushia penseli, wanakata, wanaandika namba. Meza tunaipanga kwa vivuli kwanza, ili vitu vyenyewe visishikweshikwe. Siku kifaa kinapowekwa, kivuli chake kinatolewa na kuingizwa kwenye bahasha ile ukutani. Ukikuta kivuli mezani, ujue kifaa hakijawekwa."

"Na namba kumi na saba?"

"Jumanne asubuhi nafungua chumba, kivuli kumi na saba kiko mezani, kufuli hakuna. Katibu anaapa aliliweka Jumamosi. Sheria yetu ni watu wawili kwa kila kifaa, na wote wasaini. Daftari lina saini yake peke yake."

"Jumatatu nani aliingia?"

"Fundi, kumalizia ukuta. Nilimfungulia nikaenda kufundisha. Mkuu wa shule alichungulia saa sita. Na mlinzi anasema mnunuzi wa vyuma chakavu alizungukazunguka getini mchana."

Tena akafunga daftari. Akalifungua. "Tena."

Mwalimu alivimba shingo, akarudia yote neno kwa neno na kuongeza tarehe. Tena akamfuta kwenye orodha.

Katibu alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, glavu zake nyeupe za kitambaa zimelala mapajani. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na kwa kuwa ndiye aliyetunza daftari la vifaa, jina hilo lilimfuata mpaka nyumbani. Alisimama.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Kwa nini uliliweka peke yako?"

"Mwenzangu alikuwa anaumwa."

"Ungemsubiri apone."

Binti akazichezea glavu. "Msumari wa tisa ni mama yake bibi yangu. Nilitaka nilishike bila mtu kunitazama."

"Ukalishika."

"Nikalia kidogo. Halafu nikaliweka, nikatoa kivuli, nikakitia kwenye bahasha, nikasaini. Basi."

"Unajua leo saa kumi kuna nini?"

"Najua. Bibi ameitwa, ndiye mlezi wangu." Kidevu kilianza kumchezacheza, akakibana kwa mkono. "Wakinifukuza nitavumilia. Lakini wakimwambia mbele ya watu kwamba nimeliuza chuma chakavu, Bibi hataamka kesho. Tangu kufuli lije, kila jioni anamwapiza aliyefunga. Hasemi kwa sauti, midomo tu inakwenda. Nikimletea maji ya kunywa, ananyamaza mpaka nitoke."

"Kivuli ulikiweka kwenye bahasha. Tena."

"Si nimeshasema!" Aliruka wima, macho yamemwaka. "Nilikiweka kwenye bahasha kwa mikono yangu hii! Mnataka niseme mara ngapi?"

Tena aliandika maneno hayo jinsi yalivyo. Alikuwa ameanza kumpenda binti yule, jambo lisilomfaa mpelelezi kabla ya saa sita mchana.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alipatikana mtaa wa pili, amekalia betri ya lori. Aliulizwa, akacheka mpaka akakohoa. Alikwenda shuleni kuulizia madirisha ya zamani, mlinzi akamtimua kabla hajavuka geti. "Afande, mimi nikiamua kuiba," alisema, "si nitaiba kitu chenye uzito?" Na hata bila maneno hayo Tena alikuwa ameshamwacha. Mwizi wa vyuma angebeba kufuli na kwenda zake. Asingesimama kufungua bahasha, kupekua karatasi kumi na kitu, kutafuta moja na kuilaza mezani. Aliyechukua kufuli alijua habari za vivuli, na alitaka ionekane kwamba halikuwahi kuwekwa.

Mkuu wa shule alijua habari za vivuli.

Alimkuta ofisini anapanga mafaili yaliyokuwa yamepangwa tayari. "Sikulitaka kufuli lile, sikufichi," alisema kabla hajaulizwa. "Wazee wananisimamisha njiani, wananiambia nafukua makaburi. Wengine wanaanza kutajana majina. Mtu anamwambia jirani yake, 'Babu yako ndiye aliyekuwa na funguo.' Unataka nifanyeje?"

"Jumatatu uliingia chumbani."

"Nilichungulia tu. Mlangoni."

"Tena."

Mkuu wa shule akatabasamu.

Tena alisubiri. Tabasamu lile halikudumu. "Niliingia kidogo," alisema mkuu. "Dakika mbili tatu. Fundi alikuwa amepiga magoti analowesha matofali. Nikasoma kadi za ukutani." Alivua miwani, akaifuta kwa tai, na Tena akaona macho yamemwiva. "Kaka yake babu yangu yumo. Sikutaka Fundi anione ninavyolia, nikatoka."

"Kufuli ulilikuta mezani?"

"Lilikuwepo."

"Na bado unakwenda kumfukuza binti kwa kutoliweka."

"Aliyeliweka anaweza kuliondoa," alisema mkuu, akiwa bado anafuta miwani iliyokwisha kutakata. "Binti akiondoka, maonyesho yanakufa yenyewe, na watu watatulia. Nadhani wewe pia ungependa watu watulie."

Tena akatoka bila kuaga. Mtu mwoga, alijisemea, na mwenye sababu. Alikuwa karibu kabisa kurudi ofisini mle na pingu. Kilichomzuia ni kwamba alikuwa bado hajaigusa karatasi yenyewe, na yeye hakuwahi kumkamata mtu kabla ya kugusa alichoacha.

Chumbani hakukuwa na mtu. Safari hii pia aligonga.

Aliinua kivuli namba kumi na saba kwa ncha za kucha. Chini yake, kwenye kitambaa cheupe, palikuwa na doa la kutu, rangi ya chai iliyomwagika. Unyevu wa matofali ya Jumatatu ulikuwa umelivujisha kufuli, na doa lilikuwa na umbo lake kamili: tumbo la duara, chuma cha juu kilichopinda, kipande cha komeo kikitokeza pembeni. Basi binti alisema kweli, na mkuu wa shule naye, safari ya pili. Tena akakirudisha kivuli juu ya doa ili aone kama vinalingana.

Havikulingana. Kwenye doa kipande cha komeo kilielekea kushoto. Kwenye karatasi kilielekea kulia.

Akaigeuza karatasi. Sasa ililala juu ya doa sawasawa, na kwa upande huo namba 17 ilisomeka juu, kubwa, kwa wino mweusi. Akapita meza nzima. Vivuli vyote vilikuwa vimelazwa namba juu. Hiki kimoja tu kililazwa namba chini, na hapo ndipo alipokwama. Mtu mwenye haraka, anayerudisha karatasi ili kudanganya, atajitahidi namba ionekane. Huyu aliificha. Alijisumbua kuigeuza karatasi ili komeo likae kulia.

Akawaita mwalimu na Katibu.

"Nani aliamua kipande cha komeo kielekee kushoto?"

"Sisi," alisema Katibu. "Upande mmoja wa kufuli una maandishi ya kiwandani. Tuliweka maandishi juu ili watu wayasome."

"Mlijuaje huo ndio upande wa mbele?"

Mwalimu na mwanafunzi wakatazamana. "Hatukujua," alisema mwalimu. "Picha ya ghala hakuna, tumetafuta mwaka mzima. Hakuna aliyeuona mlango ule akabaki hai. Tulikisia."

"Na ukuta?"

"Tulimchorea Fundi. Tundu la komeo tukaliweka kushoto, lifanane na kufuli." Mwalimu akaonyesha mchoro uliobandikwa ukutani. Kisha akageuka kuutazama ukuta wa matofali, akatazama tena mchoro, na mdomo ukabaki wazi.

Tundu la komeo lilikuwa upande wa kulia.

"Fundi huyu hukosea michoro?" aliuliza Tena.

"Fundi? Nusu ya nyumba za mtaa huu kajenga yeye. Hajawahi kupindisha hata tofali."

"Nendeni mkamwambie kuna kazi ndogo ya kurekebisha. Halafu nyinyi msirudi humu mpaka niwaite."

Fundi Mwashi alikuja saa tisa kasoro, na mfuko wake wa zana begani. Alikuwa mzee mfupi mwenye mikono mikubwa, na alivua kofia alipovuka mlango. Hakugonga. Tena akaliona hilo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Wameniambia pana kasoro."

"Ukuta ni mzuri. Ila tundu la komeo liko kulia, na mchoro unasema kushoto."

"Watoto walikosea," alisema Fundi, akiutazama ukuta kwa jicho la kazi. "Mlango ulikuwa unafunga kulia."

Tena akafunga daftari, akalifungua.

"Tena," alisema Tena, kwa sauti ya chini.

Fundi hakukasirika. Wala hakutabasamu. Aligeuza ndoo yake ya udongo juu chini, akaikalia, akaupakata mfuko wa zana. Miaka ishirini na miwili, na Tena hakuwahi kuona mtu akilijibu neno lile namna hiyo.

"Uliokota kufuli kwenye kifusi," alisema. "Mlango ulikuwa umekwisha kuwa majivu. Fundi, mlango ule uliuona wapi?"

Mzee akafungua mfuko. Katikati ya mwiko na timazi palikuwa na taulo, na ndani ya taulo kufuli. Alilishika kwa mkono mmoja bila kulitazama.

"Nilikuwa na miaka minane," alisema. "Waliomba wenyewe, afande. Askari walikuwa wanavunja kila mlango uliofungwa kwa ndani, maana walijua una watu. Mlango wenye kufuli nje wanauruka, wanajua wenyewe wamekimbia. Basi wakashauriana. Mtoto mdogo apitishwe kwenye kidirisha cha juu, afunge kwa nje, ajifiche mtaroni. Askari wakishapita, aje afungue. Mwembamba wa kupita nilikuwa mimi. Mama alinipa kufuli kwa mkono wake."

"Na ufunguo?"

"Shingoni. Ulikuwa kwenye uzi." Alijigusa kifuani, juu ya kifungo cha shati. "Askari hawakupita. Waliketi. Palikuwa pazuri, pana kivuli na kisima. Wakawasha moto wa kupikia, upepo ukaubeba mpaka kwenye paa la makuti. Nafikiri hawakujua kama mna watu. Mpaka leo nafikiri hawakujua. Mimi niko mtaroni, ghala liko pale, na wao wako katikati."

Tena alitaka kuuliza, akasita, akauliza. "Walipiga kelele?"

"Mwanzoni, hapana. Walijua nakuja."

Kadi moja ukutani ilitikisika. Tena hakugeuka kuitazama. Kazi ilikuwa bado haijaisha.

"Endelea, Fundi."

"Nililitoa kwenye majivu wiki ile ile. Nimelala juu yake miaka sitini na minne, liko chini ya kitanda. Mke wangu alikufa hajui ni la nini. Nikafikiri nikilitoa nyumbani litaniacha. Nikawapa watoto, nikawadanganya. Jumatatu naweka matofali, naona kadi ya kufuli mezani. 'Nani alifunga mlango huu?' Nikaona Jumamosi hii, siku ya ufunguzi, watu watakuja, watasimama hapa na watoto wao, wataisoma. Mkono ukalichukua. Nimewaona watoto na karatasi zao; nikalaza yake, komeo kulia kama lilivyokuwa mlangoni, ili waseme halijafika mezani. Sikujua watamfukuza mtoto wa watu."

"Ulijua lini?"

"Jana."

"Na jana ulifanya nini?"

Fundi akainamisha kichwa. "Nilikaa mtaroni," alisema. "Kama siku ile."

Tena alisogea dirishani, akaangalia uwanja ambako wanafunzi wadogo walikuwa wanakimbizana. Kisheria, kufuli lilikuwa la mzee, na mtu haibi chake. Angeweza kulipeleka kikaoni mwenyewe, aseme limepatikana, asimtaje mtu. Alilisema hilo kwa sauti, kwa sababu mzee alistahili kulisikia. "Lakini watauliza lilikuwa wapi," aliongeza. "Nikinyamaza, watamtazama yule binti, na wataendelea kumtazama mpaka azeeke. Hilo wewe unalijua kuliko mimi. Sitakushika mkono kukupeleka, Fundi. Kikao ni saa kumi."

Akamwacha amekaa juu ya ndoo.

Ofisini kwa mkuu wa shule viti havikutosha. Mwenyekiti wa bodi alikaa mbele na saa yake ameivua, ameilaza mezani. Mkuu wa shule hakumtazama mtu. Katibu alisimama katikati, na nyuma yake aliketi bibi yake, mama mnyoofu wa miaka sitini na nane, mkoba umebanwa magotini kwa mikono miwili. Saa kumi na dakika tano mwenyekiti alimuuliza inspekta kama ana lolote. Tena alitazama mlango.

"Nasubiri shahidi," alisema.

"Tutasubiri mpaka lini?"

Akasema hajui, na ilikuwa kweli. Mwenyekiti akaanza kusoma shauri. Alikuwa amefika kwenye neno "uaminifu" mlango ulipofunguliwa, Fundi Mwashi akaingia na kofia mkononi. Alitembea moja kwa moja mpaka mezani, akaliweka kufuli juu ya karatasi za mwenyekiti.

"Binti hana kosa," alisema. "Nililichukua mimi. Na aliyefunga mlango ni mimi."

Akawaeleza akiwa amesimama, kwa maneno machache kuliko aliyomwambia Tena, na hakujitetea popote. Alipomaliza, mwenyekiti alikohoa, akasema kwamba kwa hali hiyo shauri la mwanafunzi limefutwa. Hakuna aliyemsikiliza. Wote walikuwa wanamwangalia bibi.

Alikuwa ameinuka. Mkoba ulianguka, Katibu akauokota, akabaki ameukumbatia. "Bibi," alisema, kwa woga. Bibi hakusikia. Alikwenda mpaka alipomfikia mzee, wakasimama uso kwa uso, na midomo yake ilikuwa inatikisika vile vile ilivyotikisika kila jioni kwa miezi mitatu. Tena alisogea karibu, tayari kumdaka yeyote atakayeanguka.

"Mama yangu alikuwemo," alisema bibi.

"Najua. Alikaa karibu na mlango."

"Mimi nilikuwa kwa shangazi. Nina miaka minne. Sura yake ninayo, ipo picha." Akavuta pumzi. "Sauti sina. Nimetafuta kichwani maisha yangu yote, sina. Wewe ndiye wa mwisho kuwasikia. Alisema chochote?"

Fundi akafumba macho. Miaka sitini na minne, na katika yote aliyoogopa kuulizwa, hilo halikuwamo.

"Aliniambia nilivute kufuli nione kama limeshika," alisema. "Nikavuta. Akasema, 'Vizuri, mwanangu. Sasa kimbia, sisi tupo.'"

"Kwa sauti gani? Nzito?"

"Nyembamba. Ina kicheko kwa chini, hata siku ile." Mzee alifungua macho, akainua mkono wake mkubwa uliojaa udongo, akamwonyesha Katibu. "Ni hii hii ya mjukuu wako. Siku nilipoleta kufuli aliniambia, 'Karibu, babu, keti,' nikashindwa kusimama. Ndiyo iliyonifanya nidanganye. Nilidhani nimeitwa kujibu."

Bibi aligeuka polepole. Alimtazama binti aliyemlea, aliyekula naye, aliyemgombeza asubuhi hiyo hiyo kwa kuchelewa kuamka, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia mlangoni.

"Ongea, mjukuu wangu," alisema.

Katibu aliubana mkoba kifuani, machozi yanamtiririka mpaka shingoni. "Niseme nini, Bibi?"

Bibi alikuwa amekwisha kufumba macho, anasikiliza.